Meneja wa chai akirudi mtaani, nani atamlipa?

Juzi nilipigiwa simu na mwenzangu wa zamani aliye Bomet. “Kaka, wametuita tena. Anayetaka kuondoka kwa hiari ajiandikishe. Nami nifanye kama wewe, niwe mshauri?” Nilinyamaza kidogo, maana jawabu nililo nalo si la kumwambia mtu kwa simu ya dakika tatu.

Nimezaliwa Mombasa, lakini miaka 18 ya kazi yangu nimeimaliza Kericho, idara ya ubora wa chai, katika kampuni ambayo sitaitaja. Niliondoka nikiwa na miaka 46.

Watu wa Pwani huiona chai inapofika hapa kwetu tu, kwenye maghala ya Shimanzi na Changamwe na kwenye mnada wa kila wiki. Huko inakotoka, mambo yamebadilika upesi. Mwaka 2022 Unilever ilikamilisha kuiuza biashara yake ya chai kwa CVC Capital Partners kwa euro bilioni 4.5. Mwaka 2023 ikatangazwa kuwa mashamba ya James Finlay Kenya yanachukuliwa na Browns Investments ya Sri Lanka, na mwaka uliofuata mashamba ya Lipton nayo yakafuata njia hiyo hiyo. Mwaka huo huo wa 2023, waandamanaji walizichoma moto mashine za kuchuma chai Kericho wakilia kuwa zimewanyang'anya kazi. Kilio cha wachumaji tulikisikia. Meneja wa kati hakuandamana, alipewa barua tu.

Na barua ile ina hesabu yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema anayepunguzwa kazi alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Miaka 18 ni siku 270, yaani mishahara tisa. Unaziona nyingi siku ile unayopewa. Halafu unakumbuka kuwa nyumba ni ya kampuni, bima ya matibabu ni ya kampuni, hata gari la kuwapeleka watoto shule ni la kampuni. Mke wangu alikabidhi funguo Ijumaa, Jumamosi tukawa tunatafuta nyumba ya kupanga mjini Kericho kama maharusi.

Kazi yangu ya kwanza ya ushauri ilitoka kiwanda kimoja cha wakulima wadogo. Waliuliza swali ambalo wakulima wote wa magharibi mwa Bonde la Ufa wanauliza: kwa nini chai yetu mnadani Mombasa inapata bei ya chini kuliko ya Murang'a na Kirinyaga, na bonasi inakuwa ndogo? Wengi watakuambia ni wizi tu. Huenda mahali pengine upo, sitauapia. Lakini nilikaa wiki mbili vituoni nikitazama majani yakipimwa, na niliyoyaona hayakuhitaji mpelelezi. Badala ya majani mawili na chipukizi, gunia lina majani manne, matano, na vijiti. Magunia yameshindiliwa, lori linachelewa kwa sababu ya barabara, majani yanapata joto na kuwa mekundu kabla hayajafika kiwandani. Hapo hakuna fundi wa kuyaokoa. Muonjaji wa Mombasa akitia kijiko mdomoni, anajua.

Niliandika ripoti kurasa 20. Malipo yakaja baada ya miezi saba, yakiwa yamekatwa kodi ile ya asilimia 5. Linganisha miezi saba na ile mishahara tisa, utaona nilivyobaki. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila huku mgeni naye ana ada za shule.

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo hatuambiwi tukiwa maofisini. Ujuzi wangu unahitajika zaidi na yule asiyeweza kunilipa. Wanaolipa kwa wakati ni wauzaji wa nje na kampuni kubwa, nao wanataka jina, wanataka afisi ya Nairobi, kwa hiyo mara mbili nimefanya kazi chini ya kampuni ya mtu mwingine na ripoti ikatoka bila jina langu. Fedha nilipata, hilo nakiri.

Basi mashamba yanabadilisha wenyewe, na wataalamu wa miaka 15 na 20 wanatoka kwa mkupuo. Wakati huo huo viwanda vya wakulima, kuanzia Litein hadi Kapkoros, vinalia bei. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet na Bodi ya Chai wanazungumzia mageuzi kila mwaka. Kwa nini viwanda vitatu au vinne visichangie mtaalamu mmoja kwa mkataba wa mwaka, alipwe kila mwezi, naye apimwe kwa bei ya mnadani? Mshauri wa wiki mbili huacha karatasi. Lile gunia linataka mtu wa kulisimamia kila asubuhi.

Mwenzangu nilimpigia tena jioni. Nilimuuliza maswali mawili: nyumba unayo yako, na mteja wa kwanza unamjua kwa jina? La kwanza alijibu ndiyo. La pili akasema atanipigia.