Jani la Milimani na Sinia Chini ya Kawa

Wafaransa, ndugu msomaji, wana desturi ya kujaza kurasa nzima kwa habari za mvinyo wao mwekundu: huu umechanganywa zabibu za namna tatu, ule ni mkali wa ulimi, na kila mmoja una nyama au jibini ya kuandamana nao. Sisi tulioharamishiwa kinywaji hicho hatuna haja na elimu yao. Hata hivyo, lipo jani litokalo Meru na Embu ambalo hushuka pwani kila siku ya Mungu, likaingia barazani, harusini, na hata katika masiku ya Ramadhani. Basi yafaa nasi tuulize kama wao: jani hili lina tabia gani, na linakwenda na chakula gani?

Tuanze Meru. Miraa inayosifiwa hutoka katika vilima vya Nyambene, katika nchi ya Waigembe na Watigania, kandokando ya Maua na Kangeta. Huko humea ikawa mti hasa, na ipo mikongwe iliyopandwa na mababu, nayo huitwa mbaine. Vijana hukwea juu wakakata vichipukizi, kisha vikafungwa mafungu na kuviringishwa majani ya mgomba ili visikauke. Mbio za magari yatokayo Maua nazo zina sababu yake. Nguvu ya miraa imo katika kitu kiitwacho kathinoni, nacho huanza kupungua mara tu kijiti kinapokatwa. Zikipita siku mbili hivi, mnunuzi hutafuna mti mtupu. Mtafunaji huanza na uchungu na ukavu wa kinywa. Baadaye ulimi hufunguka, usingizi hukimbia, na maneno huwa matamu. Mwisho huja kimya, mawazo mengi, na usiku usiokwisha.

Lakini kwa Wameru wenyewe miraa si jani la kutafunwa ovyo. Ilikuwa kwanza jambo la wazee. Mgeni wa heshima huikirimiwa, na mposaji hupeleka fungu lake maalumu kwa wazazi wa msichana, lifunguliwe na maneno yaanze. Jani hili basi lilikuwa na wakati wake, watu wake na adabu yake.

Sasa tushuke Embu. Muguka ni wa jamii ile ile ya mti, ila hulimwa sana katika nchi ya Wambeere, sehemu kavu zisizokubali majani ya chai, ambako watu wamezoea mtama, kunde na mbaazi. Huwekwa mfupi kama kichaka, na linalotafunwa ni jani lenyewe badala ya ganda la kijiti. Hutiwa mifukoni na kuuzwa kwa bei ambayo hata mtoto wa shule aweza kuichanga. Ni mchungu, na ndiyo sababu hutafunwa pamoja na chingamu au karanga. Hapa tofauti na miraa ni kubwa: muguka haukuja kwetu na fungu la posa wala mzee wa kulifungua. Umekuja na bei yake tu.

Wala tusijifanye kwamba jani ni geni kwetu. Baba zetu wengi walikaa barazani baada ya Alasiri, kahawa chungu ikipita, wakatafuna vijiti viwili vitatu huku wakizungumza habari za bahari, za mashairi na za siasa. Ikiadhiniwa Magharibi, waliinuka. Simsifu mtu kwa hilo, ila nasema lilikuwa na mpaka, na mpaka ule wote waliujua.

Leo mpaka uko wapi? Tazama kinachoandamana na jani siku hizi: chai yenye sukari ya kupindukia, soda, chingamu, karanga, na kwa wengine sigara juu ya sigara. Katika hivyo vyote, chakula ni kipi? Jibu la swali langu la mwanzo ndilo hili: jani hili halina chakula chake, kwa kuwa lenyewe hufukuza chakula. Huondoa njaa kama linavyoondoa usingizi, likalifunga tumbo, likaacha kinywa hakitamani tonge.

Nenda mwezi wa Ramadhani ukajionee katika baadhi ya nyumba zetu. Mama ameshinda jikoni na saumu yake. Kuna mbaazi za nazi, mahamri, samaki wa kupaka. Baba hufungua kwa tende mbili na funda la uji, akaswali, kisha huyo akatoka. Sinia hufunikwa kawa likimngoja. Hurudi karibu na daku, macho mekundu, akasema hana hamu. Na kijana wake, aliyemwona akitoka, naye yuko kwenye kona nyingine na mfuko wake wa muguka. Mezani wamebaki wanawake na watoto wadogo. Mimi naona hasara hii kuliko hasara ya fedha, ingawa fedha nazo zimekwenda.

Mwezi wa Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Embu ikapaza sauti. Rais William Ruto akasema kwamba zao hilo linatambuliwa na sheria ya nchi, na Mahakama Kuu huko Embu ikasimamisha utekelezaji wa marufuku. Wengi pwani waliona wametupwa. Wengi Mbeere waliona wameokolewa.

Mkulima simlaumu. Uholanzi ilimfungia mlango mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na Somalia ilizuia ndege za miraa kuanzia 2020 hadi 2022. Karo ya watoto wake imo katika kichaka kile. Lakini kutambuliwa kwa zao si ruhusa ya kumuuzia mtoto mwenye sare ya shule. Mwenye haki ya kulima na auze. Nasi tuna haki ya kusema kwamba kibanda kisikae mlangoni pa madrasa, na anayemuuzia mtoto ashitakiwe. Hilo mzazi wa Embu hawezi kulikataa, maana naye ana watoto.

Wapo watakaosema: mlinzi wa usiku na dereva wa lori watakesha vipi? Nami nawajibu kwamba usingizi ni deni. Jani hulikopesha, halilipi.

Na upande wa dini? Swali hili si jipya. Katika karne ya 16, Ibn Hajar al-Haytami wa Makka, mwanachuoni wa Kishafii ambaye vitabu vyake tunavijua, aliulizwa na watu wa Yemen juu ya jani hili hili waliitalo qat. Aliona habari zinapingana: huyu asema lamdhuru, yule asema lampa nguvu ya ibada. Hakukata kwamba ni haramu moja kwa moja, bali aliandika risala ya kuwaonya watu waliepuke. Mimi si mwanachuoni, na fatwa nawaachia wenyewe. Lakini naona onyo lile linatutosha. Jambo lenye shaka likianza kula riziki ya nyumba, na likampitishia mtu sala ya Alfajiri, shaka yake imepungua sana.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Anayeweza kuliacha, aliache. Asiyeweza leo, basi aanze na sinia: aketi na watu wake, ale mpaka ashibe, aache nyumbani fedha ya kesho, ndipo atazame mfukoni kama imebaki ya jani. Na asitume mtoto kumnunulia. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Wameru wameshika mila ya jani lao. Yetu sisi ilikuwa kula pamoja, na hiyo hakuna gavana wala mahakama itakayoturudishia. Ni mkono wa baba ndio utakaofunua kawa.