Safuwima ya tatu iko wapi?

Grafu ilifika mezani kwangu ikiwa na nukta mbili tu. Moja ilisimama kwenye dakika 22, nyingine kwenye 19, na chini yake mwandishi alikuwa ameandika kwamba jiko banifu “limethibitika” kuchemsha lita mbili za maji upesi kuliko jiko la mkaa la kawaida. Nikatafuta alichemsha mara ngapi. Nilikuja kulikuta jibu ukurasa wa nane, ndani ya mabano: mara tatu kwa kila jiko. Nilimwomba namba zenyewe, naye bila kinyongo akazituma jioni ile ile. Jiko la kawaida: 21, 26, 19. Jiko banifu: 17, 22, 18. (Nimezibadili kidogo ili mwenyewe asitambulike, lakini sura ya jambo ni ile ile.)

Zitazame namba hizo kabla hatujaendelea. Jiko la kawaida liliwahi kuchemsha kwa dakika 19, na jiko banifu liliwahi kuchukua 22. Yaani kuna siku lile la kizamani liliweza kulishinda hilo jipya kwa dakika tatu nzima, tofauti ile ile ambayo makala inajivunia, ila imegeuka upande. Habari hiyo yote nukta mbili zimeimeza.

Vile vistari vya wima vinavyopita katikati ya nukta, vikiwa na vikofia juu na chini, kuonyesha kipimo kinaweza kuyumba kiasi gani, katika jarida hili tunaviita vijiti vya kosa. Jina hilo lina wapinzani. Mwenzetu mmoja katika meza ya uhariri anapenda “vijiti vya shaka”, kwa hoja kwamba kosa linanuka polisi na mahakama, na mwandishi anayeambiwa aonyeshe makosa yake hujiona ameshikwa na kidhibiti mkononi. Hoja ina uzito. Lakini mimi ninalishikilia neno kwa ajili ya kitenzi chake. Mshale ukikosa shabaha, hakuna aliyetenda dhambi. Umekwenda kando kidogo, na mwindaji mzuri anajua mishale yake huenda kando kwa kiasi gani. Hicho “kiasi gani” ndicho kijiti.

Nilipomrudishia yule mwandishi wa majiko grafu yake na kumwomba aongeze vijiti, aliongeza ndani ya dakika tano. Vilikuwa nadhifu, virefu sawasawa, vyenye rangi. Nikamuuliza vimetoka wapi. Akanijibu kwa uaminifu ambao bado naushukuru: “Nilibonyeza kitufe.”

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Programu za majedwali tunazozitumia maofisini zina kitufe cha kuongeza vijiti vya kosa, na kati ya machaguo yake limo la asilimia 5. Ukilichagua, kila nukta inapewa kijiti cha asilimia 5 ya urefu wake, iwe ulipima mara tatu au mara mia tatu, iwe saa yako ni ya maabara au ya simu. Kijiti hicho hakijui lolote kuhusu maji wala mkaa. Ni pambo lililovaa koti jeupe.

Ndiyo maana nimeanza kuwasukuma waandishi wetu kwenye gnuplot, programu ya kuchora grafu kwa kuandika amri, ambayo Thomas Williams na Colin Kelley waliitoa mwaka 1986. (Jina lake linapotosha: haikuzaliwa katika mradi wa GNU.) Ni ya bure, ni nyepesi, inakubali kompyuta kuukuu, na ukiwa umeingia kwenye mashine ya mbali kwa intaneti ya kusuasua unaweza kuiambia `set terminal dumb` ikakuchorea grafu kwa herufi na nyota tupu. Sura yake haivutii. Skrini nyeusi na kishale kinachopepesa vimewafukuza wengi. Sifa ninayoitafuta mimi ni nyingine: haina kitufe cha kukupa kosa ambalo hukulipima. Andika hivi:

`plot "majiko.dat" using 1:2:3 with yerrorbars`

Maana yake ni kwamba safuwima ya kwanza ya faili ndiyo nafasi kwenye mhimili wa mlalo, ya pili ndiyo kipimo, na ya tatu ndiyo kosa. Ukiipa safuwima mbili tu, inakwambia kwamba hazitoshi kwa mchoro wa namna hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuchora lazima mtu akae chini, aifungue faili na aijaze safuwima ya tatu kwa mkono wake au kwa hesabu yake. Akifika hapo atajiuliza swali ambalo kitufe hakikumpa nafasi ya kujiuliza: niweke nini?

Na jibu si moja. Turudi kwenye jiko la kawaida, wastani dakika 22. Mkengeuko sanifu wa zile sufuria tatu ni dakika 3.6, huo unaeleza sufuria moja hutofautiana na nyingine kiasi gani. Ukiugawa kwa kipeuo cha pili cha tatu unapata kosa sanifu, dakika 2.1, linaloeleza wastani wenyewe ungeyumba kiasi gani kama zoezi lingerudiwa upya. Ukitaka kijiti cha asilimia 95, sufuria tatu zinakudai ulizidishe kosa sanifu kwa 4.3. Namba hiyo inatokana na kazi ya William Sealy Gosset, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness na mwaka 1908 akachapisha, kwa jina la kujificha la Student, namna ya kukata shauri pale vipimo vinapokuwa vichache. Zidisha, unapata dakika 9.0. Kwa jiko banifu hesabu zile zile zinatoa 2.6, 1.5 na 6.6.

Weka zote katika faili moja, safuwima ya tatu, ya nne na ya tano. Kisha chora mara tatu, ukibadilisha tarakimu moja tu ya amri: `1:2:3`, `1:2:4`, `1:2:5`. Data ni zile zile, majiko ni yale yale. Katika mchoro wa pili vijiti ni vifupi na majiko yanaonekana karibu kuachana. Katika wa tatu, kijiti cha jiko la kawaida kinaanzia dakika 13 hadi 31 na kukifunika kile cha jiko banifu chote isipokuwa ncha ya chini. Msomaji asiyeambiwa ni kijiti gani kati ya hivyo vitatu hajaambiwa kitu. Tena asidhani wakubwa wanajua: mwaka 2005 Sarah Belia na wenzake, katika jarida la Psychological Methods, walionyesha kwamba hata watafiti waliokwisha kuchapisha kazi zao, wa saikolojia, sayansi ya ubongo na tiba, wengi wao walivisoma vijiti vibaya. Moja ya imani potofu ni kwamba vijiti vikigusana basi tofauti haipo. Vijiti vya asilimia 95 vinaweza kuingiliana kidogo na tofauti ikawa ya kweli. Vya kosa sanifu vinaweza kuachana na tofauti isiwe na mashiko.

Nisije nikaisifu programu kupita kiasi. Mimi mwenyewe iliniumbua. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na vipimo ambavyo kosa la chini halikulingana na la juu, mathalani 42, chini 3, juu 5. Nikaandika `using 1:2:3:4`, nikabonyeza, nikaona nukta zangu ziko juu kabisa, na vijiti vyote vimelala chini karibu na sifuri kama matunda yaliyopukutika. Nilipoteza nusu ya siku nikidhani faili imeharibika. Kumbe `yerrorbars` ikipewa safuwima nne haisomi kwamba “punguza 3, ongeza 5”; inasoma kwamba kijiti kianzie kwenye 3 na kiishie kwenye 5. Dawa yake ni kuifanya ikokotoe yenyewe:

`using 1:2:($2-$3):($2+$4)`

La kukera zaidi, `xyerrorbars` ikipewa safuwima nne inazisoma ya tatu na ya nne kama kiasi cha kosa. Siitetei tabia hiyo. Ila kosa lile lilionekana kwa macho hata kutoka upande wa pili wa chumba. Lile la asilimia 5 lingepita hadi kiwanda cha uchapaji.

Kwenye hesabu za vitu vinavyohesabika, wengi hutumia kipeuo cha pili cha idadi: `using 1:2:(sqrt($2))`. Ukihesabu milio 9 ya kifaa cha Geiger, kile kinachopima miale ya mnururisho, kosa ni 3. Ukihesabu 100, ni 10. Kwa miale hiyo ni sawa. Kwa mbu si sawa, maana mbu hawaji mtegoni mmoja mmoja kama matone ya mvua. Usiku mmoja hakuna, usiku wa pili kundi zima, kwa hiyo kijiti halisi ni kirefu kuliko kipeuo hicho. Na kuna mswada mmoja ambapo wastani ulikuwa mbu 4 na kijiti kikashuka hadi hasi 2, kana kwamba mtego unadaiwa mbu wawili. Vipimo visivyoweza kushuka chini ya sifuri havitaki kijiti cha urefu sawa juu na chini.

Wapo wanaonijibu kwamba kijiti ni kinga ya bandia, na mfano wao mzuri ni ule wa chembe ziitwazo neutrino. Septemba 2011 kundi la watafiti la OPERA lilitangaza kwamba chembe hizo, zilizotumwa kutoka maabara ya CERN karibu na Geneva hadi ile ya Gran Sasso nchini Italia, mwendo wa kilomita zipatazo 730, zimefika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga. Kijiti chao kilikuwa kama nanosekunde 10 tu. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba kebo ya nyuzi za mwanga haikuwa imekazwa barabara. Kijiti hakikuijua kebo. Nakubali: kijiti hubeba shaka unayoifahamu, si ile iliyojificha nyuma ya mashine. Lakini tazama kilichotokea. Kwa kuwa kijiti kilikuwepo na kila kipande chake kimeelezwa, watu walijua la kuuliza: saa ilipimwaje, umbali ulipimwaje, ishara ilipita wapi. Waliifuata njia ile hadi kwenye kebo. Kwa nukta tupu wangeanzia wapi?

Basi kuanzia toleo hili, grafu yoyote ya wastani itakayotufikia bila vijiti itarudi, na yenye vijiti bila maelezo yake itarudi kwa kasi zaidi. Maelezo yakae chini ya mchoro, si ukurasa wa nane: ni kijiti cha aina gani, na vipimo vilikuwa vingapi. Vipimo vikiwa chini ya kumi, tunaomba vichorwe vyote, nukta kwa nukta, maana sufuria tatu hazihitaji muhtasari. Mchoro uje na faili ya data pamoja na faili ya amri. Kwa majiko yetu ilikuwa mistari sita. Inatosha kwenye karatasi ya dawa. Hatumlazimishi mtu kutumia gnuplot. Anayetumia kitufe aendelee, mradi aweze kutuonyesha safuwima ambayo kitufe hicho kimeisoma.

Mwandishi wa majiko amerudi uani kwake. Juzi ameniandikia kwamba mkaa umepanda bei, kwamba amefikisha sufuria kumi na mbili kwa kila jiko, na kwamba ya mwisho kwenye jiko banifu ilichukua dakika 31 kwa sababu mvua ilinyesha na mkaa ukaloa. Ameuliza kama anaweza kuifuta hiyo. Nimemjibu aiache, na aandike pembeni kwamba mvua ilinyesha.