‘Beth’: Wimbo wa upande B uliowabeba KISS

Bendi ya rock ya KISS ya Marekani ilijulikana kwa nyuso za kupaka rangi, moto jukwaani na magitaa ya kelele. Lakini wimbo wao uliofika juu zaidi kwenye chati ya Billboard Hot 100 ni wa mapenzi, wa piano na vinanda, tena ulioimbwa na mpiga dramu, Peter Criss.

Mwaka 1976 ‘Beth’ iliwekwa upande B wa santuri. Upande A ulikuwa ‘Detroit Rock City’, ngoma iliyotegemewa kutoboa. Haikutoboa.

Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri, na ‘Beth’ ikawakolea wasikilizaji. Santuri ikatolewa upya, safari hii ‘Beth’ ikiwa mbele, na wimbo ukapanda hadi namba 7.

Kwa nini ilishika? Kisa chenyewe kinamgusa yeyote: mwanaume anamwambia mpenzi wake kwamba kazi imembana, harudi nyumbani bado. Pia ilipenya kwenye redio ambazo zisingegusa rock nzito.

Leo wengi wetu hatutumii santuri, lakini upande B bado upo: ni ile ngoma ya mwisho kwenye albamu ambayo watu hawafiki. Programu za muziki hupenda kusukuma kinachosikilizwa tayari. Bila mtu wa kuigeuza “santuri”, nyimbo kama ‘Beth’ zinaweza kufa kimya kimya. Siku hizi mtu huyo ni wewe mwenye simu.