Onyo la Dawa Liandikwe kwa Kiswahili

Katika masoko ya Kitui na Makueni, mzee anayelalamikia magoti huelekezwa upesi kwenye "dawa ya viungo". Humeza vidonge siku mbili tatu, akavipanda vilima vya Mbooni kama kijana. Hamu ya kula humrudia, uso ukajaa, na majirani wakasifu.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni lugha. Hata hivyo, huenda kidonge hicho kikawa prednisoloni au deksamethasoni, na hapo pana jambo ambalo kila mwalimu anapaswa kulijua. Juu ya kila figo ipo tezi ndogo itengenezayo kotisoli, homoni inayouwezesha mwili kustahimili maradhi na misukosuko. Dawa hizi huiga kotisoli. Zikitumiwa majuma mengi, ubongo huacha kuiamuru tezi, nayo tezi husinyaa. Basi mgonjwa akiishiwa na pesa na kuacha vidonge ghafla, tezi iliyolala haiamki siku hiyo. Hulegea, hutapika, shinikizo la damu hushuka, na homa ndogo yaweza kumuua. Watu watasema amerogwa.

Sizilaumu dawa zenyewe. Kotisoni ilianza kutumiwa kutibu baridi yabisi mwaka 1948, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwaka 2020 deksamethasoni ilithibitika kuokoa wagonjwa mahututi wa Korona.

Ugomvi wangu ni na ile karatasi ya pakitini, yenye Kiingereza cha wataalamu na herufi za kuumiza macho. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, na Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji. Je, Kiswahili kimekosa maneno? "Usiache dawa hii kwa ghafla, daktari atakupunguzia kidogo kidogo." Maneno tisa tu! Bodi ya Famasia na Sumu, inayosajili dawa nchini, ingeweza kuyadai.

Ipo hila mbaya zaidi: dawa isiyotajwa kabisa. Mwaka 2022 wakuu wa Marekani walionya kuhusu Artri King, kirutubisho cha viungo kilichokutwa na deksamethasoni ambayo lebo haikuitaja.

Walimu wa Kiswahili wa Mwingi na Wote wanaweza kuanza wiki hii: wanafunzi walete pakiti tupu kutoka nyumbani, watafsiri maonyo yake darasani. Na atakayegundua kwamba nyanya yake amemeza vidonge hivi kwa miezi asimwambie aviache leo. Amfikishe hospitalini, pakiti mkononi.