Ajali Ina Kinga

Msemo wa "ajali haina kinga" ufutwe. Ufutwe kwenye hotuba za msibani na kwenye vioo vya mabasi, na hasa ufutwe huku kwetu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, ambako tunautamka kila duara linapotitia na kuacha vijana chini ya kifusi.

Nakuambia wewe kijana mwenzangu kwa sababu tayari unajua kwamba msemo huo ni uongo. Bando lako la usiku unalimaliza kwenye dokumentari za ajali za ndege. Unaijua Tenerife, Machi 27, 1977: Boeing 747 mbili, ukungu, watu 583 wamekufa. Unajua ndege za Comet zilivyopasuka angani mwaka 1954, hadi Waingereza wakaingiza mwili wa ndege kwenye tangi la maji na kuusukumia presha tena na tena ili waone chuma kinachanikia wapi. Unajua kuwa kisanduku cheusi kina rangi ya chungwa, na kwamba aliyekibuni, David Warren wa Australia, baba yake alipotea na ndege baharini mwaka 1934.

Haya, niambie: duara la mwisho kuua watu wilayani kwako liliangushwa na nini?

Sikuambii uache kutazama. Tazama, ila uelewe unachokitazama. Kwenye dokumentari nzuri, moto na vilio huchukua dakika chache. Muda mwingi uliobaki ni wa watu wanaokataa jibu jepesi. Pale Tenerife, rubani wa KLM alianza kuruka bila ruhusa. Tungekuwa sisi, tungeishia hapo: mzembe amepatikana, tuzike. Wachunguzi wakaendelea kuuliza. Kwa nini aliamini kwamba ameruhusiwa? Kwa nini wenzake waliokuwa na wasiwasi hawakumzuia? Majibu yakabadilisha maneno yanayotumiwa kati ya mnara na rubani, na yakasaidia kuanzisha mafunzo yanayomtaka rubani mdogo ambishie mkubwa wake. Sasa mfikirie kijana aliyeona ufa ukutani, mita 40 chini, na juu yuko mwenye duara anayetaka mawe. Nani amemfundisha kubisha?

Usiseme haya ni mambo ya Ulaya. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, yenye watu 43, ilitumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa, 24 wakapona, na waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mwezi haukuisha, magazeti yakawa yanaandika kuhusu ripoti ya awali iliyosema kwamba uokoaji ungekuwa wa haraka, wengine wangeweza kupona. Unaweza kuipinga ripoti ile. Lakini unaipinga kwa sababu ipo.

Sasa tushuke ardhini. Oktoba 2015, wachimbaji walifukiwa Nyangalata, Kahama. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Dunia nzima ilitangaza habari yao, na swali lililoshika vichwa vya habari likawa walikula nini: mizizi, mende, vyura. Hawa walikuwa mashahidi waliokaa wiki sita ndani ya ajali yenyewe, na tukawageuza hadithi ya maajabu. Miaka kumi baadaye, Agosti 2025, watu 25 wakafukiwa Nyandolwa, Shinyanga. Viongozi wakafika, rambirambi zikatolewa. Na mitaani tukarudia majibu yetu ya siku zote: ni tamaa yao, ni mapenzi ya Mungu, au mwenye mgodi katoa kafara. Majibu hayo yanafanana kwa jambo moja: hakuna hata moja linalomsaidia anayeshuka kesho.

Najua utetezi. Kwamba wachimbaji wadogo hawana mpangilio, huwezi kuwafuatilia. Mbona dhahabu yao inafuatiliwa? Tangu soko la madini lifunguliwe Geita mwezi Machi 2019, dhahabu inapimwa, inaandikwa, inakatwa mrabaha. Serikali inayoweza kuiandikia gramu moja risiti inaweza kumwandikia marehemu kurasa mbili. Najua pia kwamba sheria ipo na wakaguzi wapo. Lakini ripoti inayoishia kwenye faili la ofisi haimuokoi mtu. Ripoti za ndege zina nguvu kwa sababu rubani wa Nairobi anasoma kilichomuua rubani wa Jakarta.

Ninachodai si kigumu. Usafiri wa anga unataka ripoti ya awali ndani ya siku 30. Nasi tuanzie hapo. Kila duara linaloua, ndani ya siku 30 iandikwe ripoti fupi kwa Kiswahili, ibandikwe ofisi ya kijiji na pale mgodini, isomwe kwa sauti mkutanoni. Shimo lilikuwa na kina gani? Matimba yalikaguliwa lini, na nani? Mvua ilinyesha siku ngapi kabla? Nani aliona dalili, alimwambia nani, akajibiwaje? Lengo lisiwe kutafuta wa kumfunga, hiyo ni kazi ya polisi. Lengo liwe kwamba mchimbaji wa Nyarugusu asife kwa sababu ileile iliyomuua mwenzake wa Kahama.

Na sisi tuliosoma, tunaojua kuandika, tusisubiri ofisi. Kuna walionusurika Katoro, Kahama na Masumbwe ambao hawajawahi kuulizwa swali hata moja la maana. Kaa nao. Waulize yale ambayo mchunguzi wa ndege angeuliza, andika majibu, yapeleke kwa wanaoshuka. Na siku msemaji wa msibani akisema ajali haina kinga, simama umuulize amejuaje.