Gari Likivutwa Upande, Tupime Kwanza

Ndugu Wanachama,

Twapenda kusema neno juu ya magari yetu makuukuu, maana ndiyo yachukuayo magunia ya karafuu katika vilima vya Pemba hadi vituo vya ZSTC.

Tulipokuwa Dar es Salaam tulipanda gari la mwenyeji wetu wa Goba, penye miteremko. Kila akikanyaga breki, gari lilikimbilia kulia, yanakotoka magari mengine. Fundi alikuwa amekwisha mwuzia pedi mpya; fedha ikaenda, ugonjwa ukabaki. Fundi wa pili aligusa kwanza magurudumu ya mbele: la kulia moto, la kushoto baridi. Kumbe mpira upelekao mafuta ya breki kushoto umeziba ndani. Gurudumu zima lilisingiziwa bure.

Rai yetu ni hii: tupime kabla ya kununua. Gari likivutwa hata bila ya breki, tutazame upepo wa matairi, kisha breki iliyoganda, kisha mpangilio wa magurudumu. Likivutwa kwa breki tu, tutafute upande usioshika. Usukani ukilegea, gari lipandishwe jeki, gurudumu lishikwe pande mbili litikiswe. Likicheza, huenda tairodi zimekwisha.

Akuuziaye kabla ya kupima ni mchuuzi, si fundi. Karafuu zaweza kungoja kutwa moja. Roho ikitoka hairudi.

Wasalaam,
Katibu