MNYONGE AKINYAMAZA, MWEWE HUSHIBA



Wako mabwana wanaozunguka mabarazani wakitufundisha adabu ya unyonge. Wasema: mwewe akikaribia kiota, ndege mdogo mwenye akili hufumba mdomo, akasalimika. Twawauliza: ndege gani hao, na wa nchi gani?

Na waende Singida wakasimame chini ya mgunga wenye viota vya mnana. Huja pale mwewe mmoja wa kijivu, uso hauna manyoya, miguu yake mirefu hukunjika mbele na nyuma. Huning'inia mtini, akautia mguu kiotani kama mwizi atiaye mkono dirishani, akatoa kinda. Mnana hawafumbi mdomo. Humpigia kelele kali, za kukatika katika, ambazo kila asikiaye hujua zatoka wapi, na jirani huja. Huja khasa mlamba, yule mweusi mwenye mkia wa panda, akamshukia mgongoni na kumdonoa. Si mara moja wala mbili mwewe huondoka na njaa yake.

Mabwana hao wana chembe moja ya haki, nasi hatuifichi. Mwewe akiwa anaruka kuwinda, wako ndege wadogo watoao mluzi mwembamba usiojulikana utokako, kisha wakajificha. Lakini mluzi huo nao huwaonya wenzao. Ni kimya gani hicho? Na khatari ipo: mara nyengine mfukuzaji hukamatwa yeye.

Wengine hujivunia wingi. ‘Sisi tu wengi, atatumaliza?’ Basi wawatazame kweleakwelea, wa huko huko Singida, wala mtama na uwele wa maskini. Hujenga maelfu kwa maelfu katika miiba, hutaga karibu siku zile zile, na mayai huanguliwa kwa siku 10 hadi 12. Ngao yao ni wingi. Tai na korongo hukusanyika, wakala makinda hata wakashindwa. Kabila hubaki, ndiyo. Kinda aliyeliwa hakubaki. Hesabu ya namna hiyo humpendeza yule tu ambaye kiota chake hakimo.

Na yule bwana aliyetuhutubia juu ya kimya ana vifaranga uani kwake. Juzi tulipita, tukamwona kavua kofia, anamtupia mwewe mawe, na watoto na majirani wote wanapiga makelele pamoja naye.